Mzigo wa Kutoka Mandera

Nzuki wa Emali alianza na vitunguu. Vilishuka kutoka mashamba ya Loitokitok kwa matrekta, yeye akavinunua sokoni, akavipakia kwenye malori yake na kuvipeleka popote palipokuwa na watu wasio na vitunguu. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi huko kaskazini, Wajir na Mandera, lakini barabara ya huko iliharibu malori na vitunguu pamoja. Mto Tana ukifurika, lori lilikaa Garissa likingoja maji yapungue, na mzigo ukafika umeota majani. Mwaka 1971 Nzuki aliuza malori na shamba lake la Kibwezi, akanunua ndege kuukuu ya injini mbili, Dakota iliyobeba askari wakati wa vita vya pili vya dunia na mizigo ya kila aina baada ya hapo.

Emali walisema amerukwa na akili. Shirika liliandikishwa kwa jina la Kyulu Air Cargo, na jina hilo likachorwa ubavuni mwa ndege kwa rangi ya kijani, lakini hakuna aliyelitumia. Kwa Kikamba nzuki ni nyuki, na ile ndege ilinguruma kama mzinga uliopigwa teke. Watu wakaiita Nyuki, na mwenyewe hakukataa.

Kiwanja chake kilikuwa upande wa pili wa reli, mahali alipofyeka na kusawazisha kwa greda ya kukodi. Kabla ya ndege kutua, mtu alilazimika kufukuza ng'ombe, na siku nyingine punda milia. Mizigo ilipakiwa alfajiri, kwa sababu jua likishapanda hewa ya Emali huwa nyepesi na ndege haiwezi kuinua ilichoweza kuinua asubuhi. Vitunguu, nyanya, viazi, sabuni na unga vilikwenda. Ngozi na gundi ya miti vilirudi. Ndege kurudi tupu lilikuwa jambo ambalo Nzuki hakulielewa. Mara moja ilirudi na ngamia mchanga aliyenunuliwa na daktari wa mifugo wa Machakos, naye alisimama kimya safari nzima kama abiria mwenye tiketi.

Kazi ya kupanga mizigo ilikuwa ya Mutindi, binti wa mfanyakazi wa reli pale Emali. Aliajiriwa kama karani, lakini mpangaji wa kwanza alipoacha kazi yeye akaingia ndani ya ndege kumsaidia rubani siku moja, na hakutoka tena. Rubani, Kapteni Mugo, alikuwa mtu wa Nyeri, mpole, aliyependa kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini akiwa hewani. Ndiye aliyemfundisha kwamba vizito hukaa mbele na vyepesi nyuma.

"Ni kama punda," alimwambia. "Ukimlundikia matakoni, kichwa kinapanda juu na nyote mnaanguka."

Fundi wa injini alikuwa Musembi wa Matiliku. Alijifunza kazi katika uwanja mkubwa wa Embakasi, akarudi kufanya kazi karibu na kwao. Alikuwa mbishi. Chakula chake kilipoa kila siku kwa sababu alikataa kushuka ngazi kabla ya kumaliza alichokishika. Mkewe, Syombua, alizoea kumwona nyumbani Jumapili tu, na hata Jumapili hiyo kucha zake zilikuwa nyeusi kanisani.

Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Vijana wa Emali walipata kazi ya kupakia, akina mama walipata kazi ya kuchambua vitunguu, na wafanyabiashara wa Mandera walituma salamu kwa redio ya polisi wakiuliza Nyuki inakuja lini. Kisha mwaka 1979 injini ya kulia ilianza kuchoka. Ilikunywa mafuta mengi, ikatetemeka. Musembi aliifungua na kuifunga mara nyingi, mwisho akamwambia Nzuki kwamba amefika mwisho wa ujuzi wake. Iliyohitajika ilikuwa injini nyingine, na shirika halikuwa na uwezo wa kuagiza moja kutoka ng'ambo.

Habari njema ikatoka Mandera. Dakota ya watu wengine ilivunjika miguu ikitua huko, ikaburutwa na kuachwa kando ya kiwanja. Injini yake ya kushoto haikugusa ardhi. Wenyewe walikubali kuiuza mahali ilipo. Kwa kuwa Mandera hakukuwa na winchi ya kuinua injini nzima, Musembi alipanda ndege na vifaa vyake ili aishushe vipandevipande na kuipanga kwenye makreti ya mbao.

Kazi ilikuwa ndefu. Alilala katika chumba cha kukodi sokoni na kufanya kazi chini ya turubai. Mwezi wa nne alishikwa na homa. Nzuki alipopata habari alituma ujumbe kwa redio kwamba ndege ijayo imrudishe Musembi nyumbani, akiwa amemaliza au hajamaliza. Ndege ilienda. Musembi alikuja hadi kwenye ngazi, amejifunika blanketi juani, akamwambia Kapteni Mugo kwamba harudi.

"Silinda ziko tayari, na mtaimbo wa katikati, ule unaozungusha propela, uko tayari," alisema. "Limebaki kreti kubwa tu, la kiwiliwili cha injini. Nikiliacha hivi, mchanga utaingia ndani na kazi yote itakuwa bure. Mwambie bosi tutarudi pamoja, mimi na injini."

Mugo alimsihi, kisha akamwacha. Siku chache baadaye redio ya polisi ikasema kwamba fundi amefariki katika zahanati ya Mandera, na kwamba makreti yote yamefungwa kwa misumari.

Nzuki mwenyewe alikwenda Matiliku kumwambia Syombua. Alimkuta akipura pojo uani. Alipomwona bosi wa mumewe ameshika kofia mkononi, aliweka fimbo chini.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Bado yuko kule, mama."

"Watamzika kule?"

Nzuki alijua kwamba watu wa Mandera huzika siku ileile, na kwamba tayari walikuwa wameuliza kama wamzike. "Hapana," alisema. "Nimewaomba wangoje. Nitaenda kumleta mimi mwenyewe."

Syombua aliinama, akaanza kuokota pojo zilizoruka nje ya mkeka, moja moja. Nzuki alisimama pale hadi majirani walipokuja.

Kesho yake alfajiri ndege iliruka na watu wanne: Kapteni Mugo, rubani msaidizi aliyeitwa Kivuva, Mutindi na Nzuki. Kule Mandera nesi wa zahanati, Msomali wa makamo, alikuwa amemfunga Musembi vizuri kwa sanda na turubai. Seremala alikuwa ametengeneza jeneza kwa mbao za masanduku ya chai. Watu wa sokoni walikuja kuaga, wakishangaa kwamba mtu atabebwa mbali hivyo ili azikwe.

Makreti yalikuwa yamepangwa kivulini, kila moja limeandikwa kwa mkono wa Musembi ni kipande gani. Wafanyabiashara nao walikuwa wameleta ngozi zao.

"Bosi," Mugo alisema, "injini ya kulia sio nzuri. Tuchukue maiti peke yake. Haya makreti tutayarudia."

"Tutayarudia na injini gani?" Nzuki aliuliza.

Mzigo haukuzidi kipimo cha ndege nzima. Ulizidi kipimo cha ndege iliyochoka, nacho hakikuandikwa popote. Mutindi akaanza kupanga. Makreti yenye vyuma aliyaweka mbele, nyuma ya marubani, ngozi zikafuata. Jeneza alilipakia mwisho, likakaa karibu na mlango, ili wakifika Emali Musembi awe wa kwanza kushuka. Alilifunga kwa kamba mbili na kuketi kando yake.

Walivuka Tana bila shida. Ilikuwa katikati ya nyika ya mashariki ya Kitui, mlima Endau ukionekana mbele upande mmoja, mlio wa ndege ulipobadilika. Mutindi alichungulia dirishani akaona mafuta meusi yakitiririka juu ya bawa la kulia. Propela ilizunguka polepole, ikasimama. Mugo alikuwa ameizima kabla haijashika moto.

Ndege haikuanguka. Ilianza tu kushuka, pole kwa pole, kama mtu anayekwenda kuketi. Kivuva alikuja nyuma akiwa ameshikilia dari.

"Kapteni anasema Emali hatufiki," alisema. "Anajaribu kiwanja cha Kitui mjini. Lakini milima iko katikati, na kwa mwendo huu hatuivuki. Anasema mtoe mizigo."

"Mizigo gani?" Nzuki aliuliza.

"Amesema mizigo."

Mlango mdogo uliokuwa ndani ya mlango mkubwa ulifunguka kwa ndani. Mutindi aliufungua, upepo ukaingia na kelele. Alijifunga kiunoni kwa mkanda, akamfunga Nzuki pia. Ngozi zilitoka kwanza, zikipaa nyuma ya mkia kama ndege wakubwa wasiojua kuruka. Kivuva alirudi kutazama vipimo, akapaza sauti kwamba bado wanashuka.

Sasa yalibaki makreti na jeneza. Mutindi alitazama jeneza, lililokuwa pale miguuni mwake, kisha akamtazama Nzuki. Alikuwa tayari kufanya lolote atakaloambiwa. Baadaye alisema hilo bila aibu, kwa sababu alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita na hakutaka kufa.

"Bosi, tuanze na gani?"

Nzuki aliinua mguu, akaliruka jeneza, akaenda mbele. Alirudi akiburuta kreti la silinda, akalizungusha kulipita jeneza, wakalisukuma pamoja. Akaenda tena. Aliburuta silinda zote moja moja, halafu mtaimbo, halafu giaboksi. Suruali ilichanika gotini, damu ikatoka, naye hakuangalia. Kwenye kila kreti palikuwa na mwandiko wa Musembi kwa kalamu nene, na kila mara Nzuki alitazama upande mwingine wakati wa kusukuma.

Kreti kubwa halikuburutika kwa mtu mmoja. Kivuva alikuja kusaidia. Wakaliteleza hadi mlangoni, wakakaa sakafuni wote watatu, migongo yao ikiegemea jeneza, wakalisukuma kwa miguu hadi likaenda.

Kivuva alikimbia mbele kutazama, akarudi. Uso wake ulikuwa umelowa jasho. "Imepungua kushuka, lakini haijatulia," alisema. "Kapteni anauliza kama kuna kingine."

Nzuki alikuwa bado ameketi sakafuni. "Mwambie hakuna kingine."

Kivuva alitazama jeneza, akatazama wawili wale, kisha akaenda kusema alivyoambiwa. Mugo naye alijua vizuri kilichokuwa kule nyuma. Hakuuliza mara ya pili. Aliacha kuelekea juu ya milima, akatafuta mwanya kati ya vilima viwili ambako barabara hupita, akaiingiza ndege humo. Mutindi aliona mabati ya nyumba yakipita karibu na bawa, akaona mwanamke shambani akiinua jembe kichwani kujikinga. Kisha ardhi ikashuka upande wa pili, mji wa Kitui ukaonekana, na Mugo akatua kwa nguvu, tairi moja ikapasuka. Ndege ilipinda na kusimama nyasini.

Halafu Mugo akatoka, akaja nyuma, akaweka mkono juu ya mbao za jeneza.

"Tutafute lori," alisema.

Kanisa moja la Kitui lilitoa lori. Musembi alifika Matiliku kwa barabara, kupitia Machakos, akazikwa karibu na nyumba yake siku iliyofuata. Watu walikuwa wengi, maana habari ilikuwa imefika kabla ya jeneza. Mchungaji alizungumza juu ya uaminifu, akamtaja Nzuki kwa jina, akasema kuna watu wachache ambao wangetupa mali yao wenyewe ili kubaki na maiti wa mwenzao.

Nzuki alisimama. Hakuwa mtu wa kusema kanisani. "Mchungaji, nisamehe," alisema. "Msinisifu. Makreti yalikuwa karibu na mlango, ndiyo maana yalitoka. Hakuna zaidi." Akaketi.

Mutindi, aliyekuwa upande wa akina mama, aliinamisha kichwa.

Baadaye, wakati wa kuosha sufuria, Syombua aliketi kando ya Mutindi. Alikuwa na vumbi jekundu la kaburi kwenye viatu. "Wewe ndiye hupakia," alisema. "Makreti yalikuwa karibu na mlango?"

Mutindi alisugua sufuria kwa mchanga kwa muda. "Hapana. Yeye ndiye alikuwa mlangoni. Nilimweka hapo mimi. Bosi alimruka kila mara akienda na kila mara akirudi."

Syombua alimshukuru. Aliinuka akaenda mahali Nzuki alipokuwa ameketi na wazee, akamwomba watembee kidogo. Mutindi aliwaona wamesimama penye ua wa mkonge, akasikia maneno yao kwa sababu upepo ulikuja upande wake.

"Angekuwa hai angekukasirikia," Syombua alisema.

"Najua."

"Angesema, mimi nimeshakufa, injini haijafa. Angesema ni kazi yake umetupa. Alikataa kurudi nyumbani kwa sababu ya hiyo kazi."

"Najua, mama. Nimeyafikiria hayo."

"Mimi sio yeye," Syombua alisema. "Mimi nimepata mahali pa kumlilia. Asante." Kisha akarudi kwa wageni wake.

Shirika halikuinuka tena. Dakota ilibaki Kitui, tairi moja chini, na mwishowe mtu wa Nairobi akanunua injini ya kushoto, bawa moja na viti vya marubani. Mabati mengine yaliishia kwa mafundi wa masufuria. Wapakiaji walirudi mashambani au wakapanda mabasi ya Mombasa. Waliochambua vitunguu walikaa bila kazi msimu mzima, na si wote waliomsifu Nzuki. Muthoki, aliyewalea watoto wanne kwa kazi ile, alisema hadharani sokoni kwamba Nzuki alimzika mtu mmoja vizuri na kuwazika wengine wakiwa hai. Nzuki alipoambiwa, alisema Muthoki ana haki ya kusema hivyo. Kesho yake alikwenda kwake na gunia la mahindi. Muthoki alipokea mahindi na hakubadilisha maneno.

Mugo aliendesha ndege za mashirika mengine, na miaka ya tisini alionekana Lokichoggio akipeleka chakula Sudan, mvi zimejaa, bado anaimba. Mutindi alipata kazi ya mizigo Nairobi, kwenye uwanja mkubwa, akipanga mikunde na maua ya kwenda Ulaya katika ndege ambazo Musembi hakuwahi kuziona. Nzuki alirudia kazi ya malori kwa lori moja, kwa ubia na mfanyabiashara wa Emali aliyeitwa Njogu, akafa mwaka 1993.

Lakini kabla ya kuachana, mwezi wa nane wa mwaka uleule wa 1979, Nzuki na Mutindi walikwenda pamoja nyika ya Endau. Walikuwa na tumaini dogo kwamba baadhi ya makreti yaliangukia mchanga laini wa mito mikavu. Waliuliza njiani, wakaelekezwa kutoka boma hadi boma. Walipata silinda moja imepasuka kama chungu, na mtaimbo umepinda. Vipande vingine watu walikuwa wameshavipeleka kwa wahunzi.

Katika boma la mwisho walimkuta mzee akikarabati ghala lake la mtama. Paa lilikuwa na tundu kubwa, na ukuta mmoja umebomoka. Kreti kubwa lilikuwa limelala humo ndani bado, mbao zimesambaa, chuma kimezama nusu ardhini. Nzuki alilitazama, akajua halifai kitu.

"Kwa hiyo ni nyinyi," mzee alisema. Hakuacha kusuka fito zake. "Tulidhani ni serikali inatupiga. Wanawake walikimbilia mtoni na watoto. Hatukujua tumefanya nini."

"Kuna mtu aliumia?" Nzuki aliuliza.

"Mtu, hapana. Mtama ulimwagika wote, kuku wakala wakashiba. Mlikuwa mnatupa vyuma kwa nini?"

"Ndege ilishindwa. Ilitaka kuanguka."

"Mngetupa kitu kingine. Nguo."

"Ngozi tulitupa," Nzuki alisema. "Hazikutosha. Tulikuwa tumebeba mtu."

"Mgonjwa?"

"Maiti. Wa Matiliku. Alikufa Mandera, tulikuwa tunampeleka kwao."

Sasa mzee aliacha fito. Alimtazama Nzuki, halafu Mutindi, halafu kile chuma ndani ya ghala lake, kama anayepima umbali kutoka pale hadi Matiliku, mahali ambapo hajafika.

"Alifika?" aliuliza.

"Alifika."

Mzee alitikisa kichwa polepole kukubali. Kisha akamwita binti yake alete uji kwa wageni, na Nzuki akavua koti, akashika upande wa pili wa fito.